Jiwe la Shemeji Haliwapi Wageni Mgongo

Nilitoka Shabunda nikiwa na radio nzima, nikafika Bukavu na nusu yake.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili nchini mwetu. Kwetu shule ilikuwa imefungwa, darasa letu limegeuzwa ghala la watu wenye bunduki, na baba yangu hakutaka nimalize ujana wangu nikichekecha mchanga wa dhahabu mtoni. "Nenda Bukavu, kule Bagira, kwa shangazi yako," alisema, "ukamalize masomo." Kisha akanipa radio yake nimpelekee, kwa sababu katika ukoo wetu mtu haingii kwa dada mikono mitupu. Ilikuwa radio kubwa, ya mawe manne. Mawe ya radio, ndivyo tulivyoita betri. Siku zile mwenye mawe mapya alitazamwa kama mwenye ng'ombe.

Niliungana na wanaume waliosukuma baiskeli zenye mizigo, tukaingia msituni. Matope yalitufika magotini, mito tulivuka juu ya gogo moja linaloteleza, na usiku tulilala tumeketi. Radio niliibeba kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, nikiiogopea mvua. Bure. Adui wa radio hakuwa mvua. Adui wa radio alikuwa kizuizi.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja aliitazama akakunja uso.

"Iko foni hii?" Foni ilikuwa mashine ya kijeshi ya kuongea na watu wa mbali. Kukutwa nayo ilikuwa kifo.

"Hapana, shefu. Iko radio."

"Basi iseme."

Nikaiwasha. Ikaimba. Askari akacheza kidogo, makalio tu, uso ukiwa bado wa kazi. Wimbo ulipokwisha akatoa mawe yote manne akasema anayapeleka kwa uchunguzi. Naamini uchunguzi huo unaendelea mpaka leo.

Kwenye kizuizi cha pili mambo yakawa mabaya zaidi.

"Iseme," waliniambia.

"Haina majiwe, shefu. Benzenu ba kule nyuma balibeba."

"Radio yenye haisemi," alisema mkubwa wao, akiwageukia wenzake kama mwalimu, "njo radio ya siri."

Wakafungua kifuniko cha nyuma kutafuta hiyo siri. Hawakuiona, lakini kifuniko kilionekana kuwa sahani nzuri ya karanga, kikabaki. Kizuizi kilichofuata kilichukua antena; ilifaa kusafishia mtutu wa bunduki. Kingine kilichukua vile visipringi vinavyoshika mawe. Nilipokaribia Walungu, radio ilikuwa imebaki na waya mbili zinazoning'inia nyuma kama ndevu za kambare. Askari wa mwisho aliigeuza huku na huku, akaona hakuna cha kuchukua, akanirudishia pamoja na hindi la kuchoma.

"Na sisi tuko na huruma," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Bukavu, nikitafuna hindi, nikiangalia nyumba zilivyong'ang'ania milima juu ya ziwa kama mbuzi. Nikapanda Bagira, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba ya shangazi katika mstari wa nyumba ndogo za matofali zenye ua mmoja.

Shangazi alitoka na mikono yenye unga. Hakutazama radio. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kama mtu aliyetarajia wageni wawili.

"Uko peke yako?"

"Ndiyo, tantine."

"Tonton yako hukumuona?"

Sikuwa nimemwona. Mume wake alikuwa ametoka Bukavu na chumvi na sabuni kwenda kuuza upande wetu, njia ikafungwa nyuma yake, na tangu hapo hakuna aliyesikia habari zake. Shangazi alinikumbatia, unga ukabaki mgongoni mwangu, akaniambia niingie nile. Ndipo alipoiona radio.

"Na hii ni nini?"

"Zawadi ya baba."

Akaizungusha. Akavuta udevu mmoja. "Ndugu yangu," alisema, "ananipenda nusu."

*

Nilipata kuelewa haraka kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa tatu asiyekaa humo. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa mume wa shangazi. Shangazi alimwita Shemeji. Mimi niliambiwa nimwite papa mukubwa. Alikuwa mzee mnene mwenye koti la suti katika jua lolote na tochi mfukoni mchana kweupe, na aliendesha baiskeli ya ndugu yake, ambayo tayari aliiita "ya marehemu."

Alikuja kila baada ya misa. Aliketi, akapumua, akazungusha macho kwenye kuta kama mtu anayepima kitambaa.

"Shemeji," alimwambia shangazi, "marehemu anachoka kungojea matanga."

"Nani amekufa?" shangazi aliuliza.

"Mutu yenye hatumi neno, iko wapi?"

"Iko kwenye hakuna njia."

Mimi nilikuwa kijana wa shule lakini niliona mchezo. Kabla ya matanga, nyumba ilikuwa ya mume aliyesafiri na mke anayemngoja. Baada ya matanga, ukoo wa mume ungekaa kikao, ufunguo ungebadilisha mfuko, na mjane angerudishwa kwa ndugu zake. Ndugu zake walikuwa Shabunda, mwisho wa njia ile iliyokula radio yangu. Shangazi hakuwa na pa kurudishwa, wala mimi.

Kwa hiyo alichohitaji shangazi kilikuwa kitu kimoja: neno kutoka kwa mumewe, lisikiwe na mashahidi. Na maneno ya namna hiyo yalikuwa na mlango mmoja tu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri kituo kimoja cha radio kilisoma salamu za watu waliotenganishwa na vita. Fulani anamtafuta mke wake, fulani anawaambia wazazi kwamba yuko hai. Zamani ua mzima ulisikiliza kwa jirani, lakini radio ya jirani ilichukuliwa na askari waliopita. Radio pekee iliyobaki uani ilikuwa yangu, ile yenye ndevu.

*

Shuleni, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mwembamba sana, mwenye tai ambayo hakuna aliyewahi kuona fundo lake likifunguliwa. Maabara ilikuwa imeporwa. Alibaki na globu moja ya tochi, ambayo aliiweka ndani ya soksi. Siku alipofika kwenye somo la umeme, alituambia kila mmoja wetu aje kesho na parachichi moja.

"Avoka ya nini, Prof?"

"Ya courant, umeme yenye kutembea."

Ilikuwa msimu wake, miti ya Bagira ilikuwa inamwaga maparachichi. Kesho yake darasa lilinuka kama soko. Mwalimu alitupanga mduara kuzunguka madawati, akanivuta mimi katikati ya mstari.

"Wewe wa Shabunda umetembea msitu mzima, uko na nguvu. Wewe ni jiwe la radio. Simama hapa na kikapu. Kila mutu anapita mbele yako, unamupa avoka moja." Kisha akamchagua mwanafunzi mnene kuliko wote, akamkalisha upande wa pili. "Wewe ni globu. Kila mutu anakuletea avoka, unakula. Yenye alikuletea anaendelea na njia yake, mikono mitupu, anarudi kwa jiwe. Haya, tembeeni!"

Tukatembea. Nikatoa, globu akala, watu wakarudi kwangu mikono mitupu, nikawapa tena. Globu aling'aa kweli, mafuta ya parachichi mpaka mashavuni.

"Simameni! Sasa niambieni, globu imekula nini?"

"Imekula courant, Prof!"

"Hapana! Courant ni nyinyi. Amewala nyinyi? Jihesabuni! Amekula avoka, njo nguvu. Nyinyi munarudi bote. Kama hamurudi, hakuna kitu kinaenda."

Aliendelea hivyo mpaka kikapu kikaanza kuonekana chini. Aliweka globu mbili kwenye mstari mmoja, na kila mbebaji akalazimika kugawa parachichi moja kwa walaji wawili, nusu kwa nusu. Wote wawili walinung'unika. "Munaona? Zinawaka hafifu." Kisha akampa kila globu njia yake. Kila mmoja alikula zima, wakafurahi, lakini mimi nilitoa maradufu na kikapu kikapungua upesi. Kisha mjanja mmoja aligundua uwazi kati ya madawati mawili, ambapo mtu angeweza kurudi kwangu bila kupita kwa globu. Mara wote wakakimbilia huko, wakanisonga, wakaninyang'anya maparachichi mikononi, na mlaji wa upande wa pili akabaki ameacha mdomo wazi.

"Court-circuit! Njia ya mkato!" mwalimu alipiga kelele, mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona. "Globu imezima, na jiwe linachemka! Mutazameni, linachemka!"

Nilikuwa kweli nimeloa jasho. Wakati huohuo mkuu wa shule alisukuma mlango. Mduara ulikuwa unapita mbele ya mlango huo, hivyo ukakatika, na darasa zima likasimama pale lilipo kama limepigwa picha.

"Na huyu," mwalimu alisema kwa heshima, "ni interrupteur, yenye kukata courant."

Jambo la mwisho alilotufundisha siku ile ndilo lililokuja kutufaa. Alimsimamisha mwenzangu kando yangu, na kikapu chake. Sasa kila mpita njia alipokea parachichi kwangu na jingine kwake, akafika kwa globu na mawili. "Mawe mawili yanafuatana, nguvu inajumlishwa." Kisha akamgeuza yule mwenzangu uso upande mwingine. "Sasa yeye amegeuka. Hatoi, ananyang'anya. Wa kwanza anakupa, wa pili anakupora. Globu anapata nini?"

"Njaa, Prof!"

Maparachichi yaliyobaki mwalimu alienda nayo nyumbani. Baadhi yetu walishuku kwamba somo zima lilikuwa chakula chake cha jioni. Mimi nilimsimulia shangazi tulipokuwa tunachambua majani ya mihogo ya sombe, na yeye alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yenye amegeuka anakula jasho ya wenzake," alisema.

"Ndiyo, tantine."

"Hiyo fizikia tuko nayo mu familia."

*

Jumamosi moja asubuhi Shemeji alifika akisukuma ile baiskeli kwa mkono mmoja na kuvuta mbuzi kwa mwingine. Alimfunga kwenye mti wa parachichi, akatangaza mbele ya ua mzima kwamba huyo ni mbuzi wa matanga, na kwamba jioni ukoo utakuja kulia.

Shangazi hakupiga kelele. Alijifunga kitenge upya, akaongea kwa sauti ambayo hata nyumba ya mwisho ilisikia.

"Sawa, Shemeji. Lakini saa tisa iko salamu za radio. Tusikilize kwanza, bote. Kama jina yake haiko, uchinje."

Shemeji alimtazama, akaitazama na radio dirishani na zile ndevu zake, akacheka kidogo. "Radio gani? Ile mufupa?"

"Ile mufupa."

"Tusikilize, basi. Kesho batu basiseme nilizuia."

Hapo mji mzima haukuwa na mawe mapya madukani. Yote yalikuwa yameingia kwenye mashine na tochi za askari. Kulikuwa na mawe yaliyochoka tu. Lakini Bagira haikuwa inatupa jiwe. Siku ya jua ungeyaona juu ya mabati, yamepangwa kando ya mihogo inayokaushwa, yakiota joto ili yapate pumzi ya dakika chache. Kila nyumba iliyatia mawe yake alama ya rangi ya kucha, kwa kuwa jiwe la kuota jua lilikuwa na miguu.

Shangazi alipita mlango kwa mlango akiomba jiwe mojamoja. Hakuna aliyekataa. Lakini pia hakuna aliyetoa bila sharti.

Mama aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, na mama aliyekaanga maandazi walikuwa hawasemezani tangu vumbi la makala lilipoingia kwenye unga. Waliishi ukuta kwa ukuta na walitumana salamu mbaya kupitia watoto. Mama makala aliniletea jiwe lake mwenyewe.

"Jiwe yangu isigusane na ya ule mwanamuke."

"Maman, lazima yagusane yote. Bila hivyo njia inakatika."

"Basi utafute njia yingine. Wewe si njo mwanafunzi?"

Nilipasua mwanzi nikapata mfereji mzuri, nikayalaza mawe humo moja nyuma ya jingine, pua ya hili kwenye kitako cha lile, pua zote zikiangalia upande wa radio. Jiwe la shangazi nililiweka katikati ya yale ya mama wawili, kama mtu anayelala kati ya watoto wanaopigana. Waya moja ya radio niliishikiza mwanzo wa mstari, nyingine mwisho, kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Antena ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Nikawasha.

Radio ilitoa sauti kama maandazi yanayokaangwa mbali sana. Basi. Mawe yale yote pamoja yalikuwa na nguvu ya mzee anayeinuka kitini na kurudi kukaa. Lilihitajika jiwe moja zima.

Sote tulijua liko wapi. Lilikuwa ndani ya tochi, ndani ya mfuko wa koti la suti.

"Shemeji," shangazi alisema, "batu basiseme ulizuia."

Ua mzima ulimtazama. Shemeji alivuta tochi polepole, akatoa jiwe moja, jipya, linalong'aa, na hakunipa. Alikwenda mezani mwenyewe. Alisema kwamba katika jambo la familia mkubwa hakai nyuma ya wauza maandazi, hivyo jiwe lake litakuwa la kwanza, karibu na radio. Nikasogeza mengine. Kisha akalilaza. Wageni, majirani na wazee wa ukoo waliowahi kabla ya jioni, walikuwa wameketi uani, upande wa pili wa meza; radio ilikuwa upande wa ukuta. Pua zote zilielekea ukutani. Jiwe la Shemeji peke yake lilielekea uani.

"Papa mukubwa," nilisema, "hiyo imegeuka."

"Imegeuka namna gani?"

"Pua inapaswa kuangalia radio."

"Nigeuzie batu mugongo?" Aliwageukia wageni. "Mumesikia? Mutoto ya pori anataka mukubwa ya familia ageuzie wageni mugongo."

Wazee waliguna. Hilo lilikuwa neno zito. Kwetu mtu mzima hukaa uso kwa wageni, na kitu chake hukaa kama yeye. Mpaka leo sijui kama Shemeji alijua alichokuwa anafanya. Wakati mwingine nafikiri alikuwa mwerevu sana. Wakati mwingine namkumbuka alivyolifuta jiwe kwa leso kabla ya kulilaza, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa misa, na naona kwamba aliamini kila neno.

Niliwasha. Hata ile sauti ya maandazi haikuwepo tena. Jiwe moja zima lilikuwa linanyang'anya kila tone ambalo mawe mengine yalikuwa yamelikusanya juani.

"Imekufa," alisema Shemeji. "Kama mwenye nyumba."

Mbuzi alilia. Kengele ya kanisa ilikuwa karibu kupiga saa tisa. Nilimsogelea shangazi nikamnong'oneza: "Tantine, mmoja amegeuka. Anapora avoka za wenzake."

Shangazi alitazama ule mstari wa mawe. Alitazama uani, akatazama ukuta. Kisha akapiga makofi.

"Wageni wangu, mutanisamehe! Nimewaacha mu jua kama majiwe. Simameni, kujeni huku ukutani, kuko kivuli. Beba viti!"

Kukawa na vurugu ya viti, vitenge na matako. Wazee walihamia chini ya ukingo wa bati, nyuma ya radio, wakakaa wakipumua kwa raha. Shangazi alisubiri mpaka wa mwisho alipoketi.

"Shemeji," alisema kwa upole mkubwa, "pole. Batu biko huku sasa. Jiwe yako imebageuzia mugongo."

Wazee wote waliliangalia jiwe. Mmoja alikohoa. Shemeji aliutazama umati uliokuwa umekaa upande mbaya kabisa kwake, na sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliitangaza kwa mdomo wake. Akanyoosha mkono, akaligeuza jiwe.

Radio ilikohoa. Sauti ya mwanamke ikaingia uani, ikakatika, ikaingia tena.

"Waya inalegea!" nilisema. "Kuna mtu akaze huku na mwingine kule!"

Waliokuwa karibu na ncha za mwanzi walikuwa mama makala na mama maandazi. Wakakamata, kila mmoja upande wake, bila kutazamana.

"Mwambie ule akaze," mama makala aliniambia.

"Mwambie nimekaza kabla azaliwe," mama maandazi alijibu.

"Mwambie kama kwake ingekuwa kumekaza, radio ingesema."

"Mwambie anyamaze tusikie!"

Wakakaza kwa hasira, wote wawili pamoja, na hasira yao ilikuwa gundi bora kuliko mpira wangu. Sauti ikasimama imara. Majina yakaanza kupita: mama anayemtafuta mwanawe, ndugu anayewasalimia wadogo zake. Shangazi alisimama mbele ya radio mikono imefumbatwa tumboni. Mbuzi mwenyewe alinyamaza.

Kisha yule mwanamke akasoma jina, akilikosea katikati kama walivyozoea kuyakosea majina ya kwetu, na ua ukanong'ona. Huenda ni mwingine, majina yanafanana. Lakini sauti iliendelea: "...anamwambia mke wake wa Bagira kwamba yuko mzima, ng'ambo ya mto, njia imefungwa. Anamwomba kaka yake arudishe baiskeli ndani ya nyumba na asibebee mizigo mizito, kwa sababu gurudumu la nyuma lina ufa. Anasema nita..."

Ikazima. Mawe yalikuwa yamekwisha kabisa, hakukuwa na hata mlio.

Kila kichwa kiligeuka, kikatazama baiskeli iliyoegemezwa mlangoni, na mfuko wa saruji uliofungwa nyuma yake.

"Ni yeye," alisema mama maandazi. Na mama makala, bila kupitia kwangu, akamjibu: "Ni yeye kabisa. Hata akiwa mbinguni ataulizia ile baiskeli."

Shangazi alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, anacheka huku machozi yanamtoka. Shemeji alifungua mfuko wa saruji polepole. Akaisukuma baiskeli mpaka sebuleni, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu, akatoka akijipangusa mikono.

"Nilisema siku zote," alisema, "ndugu yangu si mutu ya kufa ovyo."

Mbuzi tulimla jioni ile ile. Kurudi naye ingekuwa aibu, na Shemeji, tumpe haki yake, alikula kwa furaha kuliko wote. Tulibishana mpaka giza kuhusu neno lililokatika. Nita nini? Wengine walisema nitarudi. Wengine walisema nitatuma. Mzee mmoja alishikilia kwamba ilikuwa nitaoa, akapigwa kijiko na mkewe.

*

Alirudi. Ilichukua muda mrefu, mpaka waliposema sasa kuna amani na njia zikaanza kufunguka moja moja, kizuizi kwa kizuizi. Alitokea asubuhi moja akichechemea, mwembamba kama mwanzi wangu, akapita mbele ya shangazi aliyekuwa amesimama kama mti, akaingia sebuleni na kuinama kukagua gurudumu la nyuma. Kisha akatoka nje na kumkumbatia.

Tulimuuliza alikuwa amesema nita nini. Alifikiri sana.

"Nimesahau," alisema. "Lakini sombe iko?"

Aliniambia baba yangu alikuwa ameondoka Shabunda, ameelekea mto mwingine, hakuna aliyejua upi. Sikushangaa. Sisi ni watu wa aina hiyo. Nami nilikuwa nimemaliza shule, nina cheti, na nilikuwa ninalala kwenye sebule ya mtu aliyerudi kwake. Hakuna aliyeniambia niondoke. Shangazi angenipiga kama ningesema naona aibu. Lakini miguu ilikuwa imeanza kuwasha, na tangu hapo haijaacha. Nimeishi miji mingi, nimefunga taa katika nyumba za watu wengi, na kila ninapounganisha waya ya mwisho namwona yule mwanafunzi mnene akingoja parachichi lake.

Siku ya kuondoka nilipata nafasi juu ya lori linaloteremka bondeni kuelekea Uvira. Shangazi alinisindikiza mpaka kituoni. Radio aliniambia niiache. Mumewe alikuwa ameitafutia kifuniko cha bati, na mama wawili walikuwa wakiisikiliza pamoja, wakigombana kuhusu sauti. Dereva alipopiga honi, shangazi alinipenyezea mfuko wenye maparachichi mawili makubwa.

"Moja ya kwenda," alisema, akinikazia macho, "na moja ya kurudi. Umesikia? Bila kurudi hakuna kitu kinaenda."

"Nimesikia, tantine."

Lori likashuka. Nilipunga mkono mpaka kona ilipomficha. Barabara ilikuwa mbaya, jua lilikuwa kali, na nilikuwa kijana mwenye njaa. Njia ya Uvira ikiwa bado ndefu, nilikuwa nimeyala yote mawili kabla ya Luvungi.